Kahawa isiyojulikana shamba lake itakosa soko Ulaya

Mkulima wa Kagera anapopeleka kahawa ya maganda kwenye ghala la chama cha msingi, amezoea kuulizwa kama imekauka vizuri na ni kilo ngapi. Sasa kuna swali jingine: imetoka shamba gani?

Swali hilo linatoka Umoja wa Ulaya. Mwaka 2023 umoja huo ulipitisha sheria inayozuia kahawa, kakao, mawese, mpira, soya, ng'ombe na mbao kuingia katika soko lake iwapo vimezalishwa kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Utekelezaji uliahirishwa mwaka 2024, kisha tena mwaka 2025, lakini sheria haikufutwa.

Anayebanwa na sheria ni mnunuzi wa Ulaya. Hata hivyo, yeye atamwuliza msafirishaji, msafirishaji atakiuliza chama, na chama kitamgeukia mkulima. Kinachotakiwa ni vipimo vya GPS vya shamba. Kwa shamba lisilozidi hekta 4, nukta moja inatosha. Likizidi hapo, mipaka yote hupimwa.

Kwa wakulima wetu wengi, ambao kahawa yao iko kibanjani pamoja na migomba tangu enzi za babu zao, tatizo si msitu bali ushahidi. Kahawa ya mashamba mengi huchanganywa ghalani, na magunia machache yasiyojulikana yalikotoka yanaweza kuharibu shehena nzima.

Hapa ndipo butura inapomwumiza mkulima mara mbili. Anayeuza kahawa ingali mtini, kwa sababu ya ada ya shule au matibabu, hupata bei ya kutupa. Aidha, kahawa hiyo ikishafika kwa mchuuzi, kumbukumbu ya shamba hupotea.

Je, nani agharamie upimaji? Chama kikiwapimia wanachama wote kwa pamoja, gharama ya kila mmoja hupungua na takwimu hubaki mali yao. Kampuni ikipima kwa fedha zake, inaweza kuzishikilia, na mkulima akashindwa kumwuzia mwingine mwenye bei nzuri zaidi.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, usikatae kupimiwa shamba. Lakini kabla ya kutia saini, dai nakala ya vipimo vyako, na suala hili lijadiliwe katika mkutano mkuu wa chama kabla ya msimu kufunguliwa.