Bafu Lenye Sakafu ya Mbao: Zuia Maji Kwanza, Vigae Baadaye

Wenye nyumba wengi huamini kwamba vigae ndivyo vinavyozuia maji bafuni. Kigae chenyewe hakipitishi maji kwa urahisi, lakini grauti inayojaza nafasi kati ya kigae na kigae ina vitundu vidogo vidogo, na maji hupenya humo kila mtu anapooga. Kwenye sakafu ya zege, maji hayo huleta ukungu na madoa kwenye dari ya chini. Kwenye sakafu ya mbao, huleta uozo. Kuvu wa kuozesha mbao hustawi pale unyevu wa mbao unapozidi takriban asilimia 20 na kudumu hapo. Kwa kuwa vigae vimefunika kila kitu, mwenye nyumba hugundua siku sakafu inapoanza kubonyea.

Mabafu ya namna hii yapo mengi kuliko tunavyodhani. Kambi za watalii huko mbugani hujenga mahema na vibanda juu ya majukwaa ya mbao, kila kimoja na bafu lake. Ndugu zetu walio Marekani wengi wanaishi katika nyumba zilizojengwa kwa mbao kuanzia sakafu hadi paa. Vigae vinaweza kukaa salama juu ya mbao kwa miaka mingi, mradi kazi ya chini yake ifanywe kwa mpangilio.

Cha kwanza ni ugumu wa sakafu. Mbao hunywa unyevu ikatanuka, ikikauka husinyaa, hasa kwa upana wake. Pia hupinda kidogo mtu anapopita juu yake. Kigae hakijui kupinda: hupasuka au hubanduka. Mafundi wa Marekani hufuata kanuni kwamba boriti inayobeba vigae vya kawaida isibonyee zaidi ya sehemu moja ya 360 ya urefu wake kati ya egemeo na egemeo. Kwa boriti ya mita 3, hiyo ni kama milimita 8 tu. Kwa mawe ya asili kanuni ni kali maradufu, yaani sehemu moja ya 720. Sakafu ikitikisika unapotembea, ongeza boriti, au pigilia vipande vya kukingama kati ya boriti na boriti. Umbali wa sentimita 40 kati ya boriti na boriti ni mzuri.

Cha pili ni tabaka la kubebea vigae. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea kwa kumwaga saruji na mchanga moja kwa moja juu ya mbao, kama walivyozoea kwenye zege. Tabaka la sentimita 5 lina uzito wa kilo 100 hivi kwa kila mita ya mraba. Bafu dogo la mita 4 za mraba linaongezewa kilo 400 kabla hata ya vigae, beseni na mtu. Juu ya hayo, maji ya ule mchanganyiko huingia kwenye mbao, nazo huvimba na kupinda.

Badala yake, tandika plaiwudi ya marini isiyopungua milimita 18. Usitumie chipubodi, ikilowa huvimba na hairudi hali yake. Funga kwa skrubu kila sentimita 15, kwa sababu msumari hulegea kadiri mbao inavyocheza. Acha nafasi ya milimita 3 kati ya ubao na ubao, na milimita 5 au 6 ukutani, ili mbao ipate pa kutanukia. Ukiweza, ongeza juu yake mbao nyembamba za saruji zinazouzwa tayari, ukizilaza juu ya gundi ya vigae kisha ukizifunga kwa skrubu.

Mwinamo nao utengenezwe sasa. Maji yanahitaji kushuka kama sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la kutolea maji. Njia rahisi ni kuchonga vipande vya mbao kwa mshazari na kuviweka juu ya boriti kabla ya kutandika plaiwudi. Fundi anayetafuta mwinamo kwa gundi wakati wa kubandika vigae huacha maji yaliyopenya yakituama chini ya vigae, juu ya utando wa kuzuia maji.

Utando huo ndio kinga halisi. Chagua ule wa mpira wa kupaka, unaonyumbuka. Unga wa kuchanganya na saruji unaotumiwa kwenye matangi hukauka ukawa mgumu, na sakafu ya mbao ikicheza, hupasuka. Lami nayo haifai, kwani gundi ya vigae haishiki vizuri juu yake. Anza kwenye pembe, viungo na pande zote za mabomba kwa kubandika mkanda wa kuimarisha. Kisha paka mikono miwili, wa pili ukikatiza njia ya wa kwanza. Pandisha utando ukutani angalau sentimita 15, na sehemu ya kuogea ufike juu ya bomba la mvua. Pale kwenye tundu la maji, utando ushikamane na kola ya tundu lenyewe, maana hapo ndipo uvujaji mwingi huanzia.

Utando ukishakauka, ziba tundu, jaza maji ya sentimita 2 hadi 3 mahali pa kuogea, weka alama ya kina chake na uyaache saa 24. Kagua chini ya sakafu. Ukiona tone, au maji yamepungua kuliko yanavyoweza kukaushwa na joto la hewa, rudia kupaka. Marekebisho hayo ni kazi ya nusu siku. Yakifanywa baada ya vigae, ni kuvunja bafu zima.

Kubandika kwenyewe kunataka gundi inayonyumbuka. Soma mfuko: tafuta alama C2 pamoja na S1 au S2. Gundi ijae chini ya kigae chote bila kuacha mapengo. Kwenye pembe za sakafu na ukuta tumia silikoni, kwa sababu grauti hapo hupasuka. Na chini ya jukwaa acha hewa ipite, ili unyevu wowote wa ardhini upate njia ya kutoka.

Kwa mwenye nyumba, ushauri wangu ni mmoja: katika mapatano yako na fundi, andika kwamba hakuna kigae kitakachobandikwa kabla hujaona kwa macho yako maji yakikaa saa 24 bila kuvuja. Fundi anayeijua kazi yake hatakataa.