Raketi ya Akiba kwa Mkono Uliochoka

Mchezaji wa tenisi wa kulipwa huingia kiwanjani na raketi kadhaa za aina moja, zilizolinganishwa kwa uzito hadi gramu. Uzi ukikatika anachukua nyingine, na mkono wake hauoni tofauti. Mchezaji wa klabu ana shida ya namna nyingine. Anacheza jioni baada ya kazi, seti ya tatu inamkuta bega limelegea, na anajiuliza kama raketi yake ya akiba isingefaa iwe nyepesi kidogo kuliko ile anayoanzia mchezo. Ili kumjibu, inabidi kwanza tujue mkono uliochoka unalemewa na nini hasa.

Tuanze na uzito wa kawaida, ule unaosomwa kwenye mizani. Raketi nyingi za watu wazima zina gramu 255 hadi 340 kabla ya kufungwa nyuzi. Nyuzi huongeza gramu 15 hadi 18 hivi, na utepe wa ziada wa kushikia huongeza kama gramu 5. Namba inayochapishwa na kiwanda kwa kawaida ni ya fremu tupu. Kwa hiyo anayelinganisha raketi mbili azipime zote zikiwa na nyuzi, au zote zikiwa hazina.

Jambo la pili ni mizania, yaani mahali raketi inapotulia bila kuinama upande wowote. Ilaze juu ya ukingo wa rula, isogeze mpaka itulie, kisha pima umbali kutoka kitako cha mpini hadi kwenye rula. Raketi ya kawaida ina urefu wa sentimita 68.6, hivyo katikati yake ni sentimita 34.3. Ikitulia kwenye sentimita 32, uzito wake umeelemea mpinini. Ikitulia kwenye 35, umeelemea kichwani.

Jambo la tatu linatokana na hayo mawili, na ndilo lenye uzito zaidi katika mjadala huu. Shika nyundo kwa mwisho wa mpini uizungushe, kisha igeuze, ushike upande wa chuma, uizungushe tena. Gramu ni zilezile, lakini mara ya pili inazunguka kwa wepesi zaidi. Kiasi ambacho kifaa kinakataa kuzungushwa tutakiita hapa uzito wa mzungusho. Kwa raketi hupimwa kutoka kwenye mhimili ulio sentimita 10 juu ya kitako, karibu na mahali kiganja kinaposhika, na kipimo chake ni kilogramu zikizidishwa kwa sentimita za mraba. Raketi nyingi zilizofungwa nyuzi ziko kati ya 280 na 340.

Hesabu yake ni rahisi: chukua uzito wa kipande, uzidishe kwa umbali wake kutoka kwenye mhimili, kisha uzidishe tena kwa umbali huohuo. Tuseme umebandika utepe wa risasi wa gramu 3 kwenye ncha ya kichwa, sentimita 68 kutoka kitakoni. Umbali kutoka kwenye mhimili ni 58. Ukizidisha 58 kwa 58 unapata 3,364, na ukizidisha hiyo kwa kilogramu 0.003 unapata kama 10. Bandika utepe uleule kwenye mpini, sentimita 10 kutoka kitakoni: umbali ni sifuri, na nyongeza ni sifuri. Mizani itasoma gramu 3 zaidi katika hali zote mbili, lakini mkono unaozungusha utazihisi katika hali moja tu.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Raketi nyepesi mara nyingi hutengenezwa zikiwa zimesogezewa uzito kuelekea kichwani, ili zisikose nguvu kabisa zinapokutana na mpira. Raketi ya gramu 270 inayotulia kwenye sentimita 34 inaweza kuwa na uzito wa mzungusho sawa na ile ya gramu 300 inayotulia kwenye 32. Mwenye nayo ataona nafuu anapoibeba kati ya pointi na pointi. Atakapoanzisha mpira, bega litafanya kazi ileile.

Sasa tutazame upande wa pili, yaani kinachotokea raketi inapogusana na mpira. Mpira una gramu 56 hadi 59.4 kwa mujibu wa kanuni, na mgusano huchukua takribani sehemu 5 za elfu za sekunde. Katika muda huo kichwa cha raketi husukumwa nyuma, na mpira ukigonga pembeni mwa nyuzi, fremu hujipinda ndani ya kiganja. Kichwa kikiwa chepesi, msukumo na mpindo huo huongezeka, na mkono hulazimika kubana zaidi. Nao mkono uliochoka ndio unaochelewa, ndio unaokosa katikati ya nyuzi. Basi wepesi unapunguza kazi ya kuzungusha na kuongeza kazi ya kuzuia. Ukizidisha wepesi, unachopata kwenye bega unakilipa kwenye kigasha na kiwiko.

Ugumu wa fremu nao una sehemu yake. Baadhi ya raketi nyepesi zina fremu nene na ngumu, na ugumu hupeleka mtikisiko mwingi zaidi mkononi. Kinachoweza kupunguza athari hiyo ni nyuzi. Nyuzi za poliesta ni ngumu. Za nailoni zenye nyuzinyuzi nyingi, au za utumbo wa mnyama, ni laini. Kulegeza mkazo kwa kilo moja kwenye raketi ya akiba hulainisha mguso na kuupeleka mpira mbali kidogo zaidi, jambo linalomfaa mtu ambaye mkono wake umepungua kasi.

Mahali pa kuchezea pia pana neno. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa takribani mita 1,700, na kanuni za kimataifa zina mpira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Hewa ya huko haiupunguzii mpira kasi kama ya pwani, hivyo raketi nyepesi mno itasukumwa zaidi. Dar es Salaam tatizo ni jasho: mpini ukiteleza, kiganja hubana, na kubana huko peke yake kunachosha. Utepe mkavu wa kushikia unaweza kumwondolea mchezaji nusu ya malalamiko kabla hajafikiria kununua raketi.

Tukishafika hapa tunaweza kuchagua. Kampuni nyingi hutoa raketi moja kwa uzito tofauti: Babolat Pure Drive ina toleo la gramu 300, la 285 na la 270. Kwa anayetumia ile ya 300, ya 285 ndiyo ya kujaribu kwanza. Lakini aende dukani na mizani ya jikoni. Viwanda hukubali tofauti ya gramu 7 hivi juu au chini, kwa hiyo ya 300 inaweza kuwa na 293 na ya 285 ikawa na 292, tofauti ya gramu moja iliyolipiwa bei ya raketi nzima.

Ushauri, basi, ni huu. Raketi ya akiba iwe ya ukoo mmoja na ya kwanza: ukubwa wa kichwa uleule, unene wa mpini uleule, nyuzi za aina ileile au laini zaidi. Ipungue gramu 10 hadi 15, na uzito wa mzungusho upungue kati ya 10 na 20. Zaidi ya hapo raketi itautangulia mpira, na mapigo uliyoyazoea yatakwenda pembeni. Ichukue mnapobadilishana pande, kabla mkono haujaanza kuchelewa, kwa kuwa kanuni hazitoi muda wa ziada kwa ajili ya raketi. Maumivu yanayobaki kiwikoni hadi kesho yake mpelekee daktari.

Na ukiona unaikimbilia raketi nyepesi mapema zaidi kila wiki, mpaka unaifikia katika seti ya kwanza, tatizo ni ile nzito. Ifanye nyepesi kuwa ya kwanza, nunua nyingine kama hiyo, na ile nzito uiuze.