Kwa nini kifaa cha zamani cha kupigia mbizi kinahitaji bamba la mgongoni

ZAIDI ya miaka 80 tangu kilipobuniwa, kifaa cha kupumulia chini ya maji chenye mirija miwili mipana bado kina wapenzi wake, hasa katika nchi za Ulaya na Marekani. Hata hivyo, wengi wanaokijaribu kwa mara ya kwanza hulalamika kwamba pumzi ni nzito. Mara nyingi kosa si la kifaa chenyewe, bali ni la namna mtungi ulivyofungwa mgongoni.

Kifaa hicho kilibuniwa nchini Ufaransa mwaka 1943 na ofisa wa jeshi la majini, Jacques-Yves Cousteau, akishirikiana na mhandisi Émile Gagnan. Dunia ilikifahamu zaidi mwaka 1956, baada ya filamu ya Cousteau na Louis Malle iitwayo Le Monde du silence kushinda tuzo kuu ya tamasha la Cannes.

Utendaji wake ni rahisi kuueleza. Kasha la duara lililofungwa juu ya mtungi, nyuma ya shingo, lina utando wa mpira unaosukumwa na maji. Mpiga mbizi anapovuta pumzi, utando huo huingia ndani na kufungua vali, na hewa hupita katika mrija wa kulia hadi mdomoni. Hewa iliyotumika hurudi kwa mrija wa kushoto na kutokea nyuma ya kichwa. Ndiyo maana wapiga picha za samaki hukipenda: mapovu hayapiti mbele ya macho yao.

Hapo ndipo penye tatizo. Utando hutoa hewa kwa shinikizo la maji ya pale ulipo, si ya pale mapafu yalipo. Mpiga mbizi anayeogelea kifudifudi huwa na kasha juu ya mapafu yake. Kila sentimita 10 za maji kati ya kasha na mapafu ni sawa na kunyonya maji kwa mrija hadi kimo hicho, tena katika kila pumzi. Akilala chali mambo hugeuka, na hewa humiminika yenyewe mdomoni.

Katika vifaa vya mrija mmoja, ambavyo Ted Eldred wa Australia alianza kuviuza mwaka 1952, tatizo hilo ni dogo kwa sababu utando uko mdomoni, karibu na kimo cha mapafu. Kwa hiyo watengenezaji wa majaketi ya kuelea hawakulazimika kujali sana mahali mtungi unapokaa. Jaketi nene huusukuma mtungi mbali na mgongo na kuuacha uyumbe. Ukifunga kasha la mirija miwili juu ya jaketi la namna hiyo, pumzi lazima iwe ngumu.

Wapiga mbizi wa miaka ya 1950 hawakuwa na jaketi. Mtungi ulikaa karibu kabisa na mgongo kwa mikanda mitupu. Bamba la mgongoni hurejesha hali hiyo bila kupoteza usalama wa siku hizi. Ni kipande cha chuma cha pua au alumini kilichokunjwa kufuata umbo la mgongo, chenye mkanda mmoja wa upana wa sentimita 5 hivi unaopita mabegani na kiunoni. Mkanda mwingine hupita kati ya miguu ili mzigo usipande kuelekea kichwani. Mfuko wa kuelea huwekwa kati ya bamba na mtungi. Ukiwa mwembamba, ndivyo kasha linavyokaribia mgongo.

Kimo nacho kina umuhimu wake. Mtungi hushushwa kuliko ilivyo kawaida hadi kasha likae kati ya mabega, si nyuma ya kisogo. Likiwa juu mno, hugonga kichwa, na pumzi huwa nzito zaidi mpiga mbizi anapoinuka wima. Bamba la chuma cha pua lina faida nyingine: uzito wake, ambao kwa kawaida hukaribia kilo 3, hupunguza risasi za kubeba kiunoni.

Yapo pia mambo ambayo bamba haliwezi kuyatatua. Vifaa vingi vya zamani havina tundu la kuunganisha geji ya shinikizo wala mpira wa kujazia mfuko wa kuelea. Wapiga mbizi wa enzi hizo walitegemea vali ya akiba, iliyozuia hewa ya mwisho hadi fimbo ivutwe. Fimbo hiyo ikivutika kwa bahati mbaya mapema, akiba huisha bila mtu kujua. Suluhisho la sasa ni kuongeza kiunganishi chenye matundu, au kutumia mtungi wenye vali ya matokeo mawili ili kidhibiti cha pili kihudumie geji, mfuko na hewa ya dharura.

Anayetaka kujifunza ni vyema aanzie kwenye maji ya kina kifupi, avute pumzi akiwa kifudifudi, wima na chali, kisha arekebishe mikanda na kimo cha mtungi. Pia ajizoeze kuondoa maji kwenye mirija kwa kuinamia upande wa kushoto na kupuliza. Pumzi ikiwa nyepesi katika mkao wa kuogelea, mtungi umekaa mahali pake.