Kufungua Kichwa cha Injini: Vitenzi vya Karakana katika Kasongo na Kabambare

Fundi wa magari wa Kasongo akimwambia mwanagenzi wake "tosha kulasi", msomaji wa Dar es Salaam ataelewa kombo. Kulasi hataijua, na tosha ataidhani kuwa ni kuwa na kadiri inayohitajika. Kumbe katika Kiswahili cha Kongo mashariki, Kingwana cha Maniema kikiwamo, kutosha ni kutoa, na kulasi ni kile kifuniko kizito cha juu ya silinda ambacho Watanzania hukiita silinda hedi. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi kifuniko hicho kinavyofunguliwa, na kuonyesha kwamba ugumu wa kulieleza jambo hilo kwa Kiswahili haumo katika majina, kama tuzoeavyo kudhani, bali umo katika vitenzi.

Majina tuyamalize upesi. Kiswahili kilifika Kasongo kwa njia ya misafara iliyotoka Ziwa Tanganyika na kupitia Kabambare, nacho kilikwisha kustawi huko tangu enzi ya Tippu Tip, kabla gari lolote halijaonekana. Magari yalikuja baadaye, chini ya Wabelgiji, pamoja na majina yake ya Kifaransa; upande wa Tanganyika yalikuja na majina ya Kiingereza. La kuchekesha ni kwamba Mwingereza alikiona kifuniko hicho kuwa kichwa, ilhali culasse ya Kifaransa imezaliwa na neno lenye maana ya makalio, kwa kuwa hapo kwanza iliitaja sehemu ya nyuma ya bunduki. Injini haikujali. Nasi tutasema kichwa, tukijua kwamba mwenzetu wa Kasongo akisema kulasi hakosei.

Kichwa hufunika silinda, hubeba vali, na ndani yake hupita maji ya kupozea. Kati yake na bloku hulazwa gasketi nyembamba izuiayo maji, mafuta na moto visiingiliane. Gasketi hiyo ikiungua, maji hupungua pasipo kuonekana yanakovuja, moshi mweupe hutoka, na pengine mafuta ya injini hugeuka rangi kama ya maziwa. Hapo hapana budi kufungua.

Injini sharti iwe imepoa kabisa. Betri hukatwa, maji humwagwa, mipira ya rejeta huchomolewa, mabomba ya hewa na ya moshi hufunguliwa. Katika injini ya dizeli midomo ya mirija huzibwa kwa kitambaa safi, kwani vumbi la barabara zetu likiingia humo huharibu pampu na nozeli. Ikiwa kamshafti imo kichwani, pistoni ya kwanza hupandishwa hadi kileleni na alama zote kulinganishwa kabla ya kuvua mkanda au mnyororo. Katika injini za zamani zenye fito za kuinulia vali, kila ufito hutiwa katika tundu lake kwenye ubao, ili urudi pale pale ulipotoka.

Kisha huja boliti za kichwa, na hapa ndipo kitenzi kinapoweza kuharibu gari. Mwanagenzi aliyeambiwa "tosha" tu aweza kuishika boliti ya kwanza akaizungusha mpaka itoke, ndipo aende kwa ya pili. Kwa kufanya hivyo upande mmoja wa kichwa huachiwa huku mwingine ungali umebanwa, na chuma hupinda. Vichwa vingi ni vya alumini, metali inayotanuka kwa joto karibu mara mbili kuliko chuma cha bloku. Ndiyo maana kufungua kukiwa na moto huzidisha hatari. Litakiwalo kwanza ni kulegeza: kila boliti robo au nusu mzunguko, kuanzia miishoni kuelekea kati, kwa kukingamisha, kisha kurudia duru ya pili na ya tatu. Baada ya zote kulegea ndipo hutolewa.

Tazama tofauti iliyomo. Fungua, chomoa, bandua, zibua ni za kauli ya kutendua: kila kimoja hukumbuka tendo lililotangulia, yaani funga, chomeka, bandika, ziba. Kingwana huihifadhi kauli hiyo pamoja na l yake ya kale, kikisema fungula. Lakini legeza haimo katika kundi hili. Imetokana na legea, na hueleza boliti ambayo bado imo mahali pake ila haikazi tena. Kutosha kwa Kingwana hueleza mwisho wa kazi bila kueleza njia yake. Hili si kosa la Kingwana, kwani legeza wanayo pia, wengine wakitamka regeza. Ni suala la kuchagua.

Vivyo hivyo katika kuinua. Kichwa hunyanyuliwa, haking'olewi. Kikigoma kubanduka, hugongwa taratibu ubavuni kwa kipande cha mti. Anayepenyeza bisibisi katikati huchimba mfereji ambao gasketi mpya haitauziba. Hulazwa juu ya mbao, gasketi ya zamani hubanduliwa, mabaki yake hukwanguliwa kwa uangalifu. Hatimaye rula ya chuma iliyonyooka hupitishwa juu ya uso wa kichwa na mwanya kupimwa kwa vibamba vyembamba. Mara nyingi kiasi kinachoruhusiwa ni kama sehemu ya kumi ya milimeta, kadiri ya maelekezo ya kila mtengenezaji.

Kikizidi hapo, chahitaji mashine ya kuchonga, na mashine hiyo haipo kila penye mti na fundi. Kutoka Kasongo hadi Kindu ni zaidi ya kilometa 200 za barabara ambayo mvua huikata. Lori likilala Kabambare kungoja kichwa, chumvi na dawa hulala nalo.

Kwa hiyo wenzetu wanaotunga masomo ya ufundi wasipoteze miezi wakibishana kati ya kulasi na silinda hedi. Waandike yote mawili, kisha nguvu zao wazielekeze kwenye vitenzi, hasa pale kazi inaporudi kinyume: wakati wa kufunga, boliti hukazwa kuanzia kati kwenda miishoni, pia kwa duru, kwa spana yenye kipimo, na zile zilizoundwa zinyooke zikazwapo hazirudishwi, hununuliwa mpya.