Amri Ipite, Tukio Libaki: Kuongeza Kumbukumbu na Udhibiti Usio na Waya katika Roboti ya Kujifunzia

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna roboti ndogo ya kujifunzia, iliyoundwa kwa bodi ya Arduino Uno, inavyoweza kuongezewa kumbukumbu na udhibiti usio na waya. Hoja kuu ni kwamba nyongeza hizi mbili hazipaswi kubuniwa mbalimbali: amri inayopokelewa kwa redio inapaswa kuishi muda mfupi, ilhali taarifa ya tukio inapaswa kudumu. Roboti inayochanganya mambo haya huwa hatari pale mawasiliano yanapokatika.

1.0 Utangulizi

Nyongeza hizi zina historia tofauti. Mwaka 1898, jijini New York, Nikola Tesla alionyesha mashua ndogo iliyoongozwa kwa mawimbi ya redio. Nusu karne baadaye, huko Bristol, Uingereza, W. Grey Walter aliunda roboti zilizojulikana kama kobe, ambazo zilifuata mwanga bila kukumbuka lolote. Baadaye alibuni sakiti ya kuzipa uwezo wa kujifunza. Leo mwanafunzi huweza kuunganisha mambo yote mawili kwa vipuri vya bei nafuu. Kwa hiyo, swali linalopaswa kutangulia ni hili: roboti ikumbuke nini, na isahau nini?

2.0 Kumbukumbu na Ukomo Wake

Maikrokontrola ya ATmega328P, iliyo katika bodi hiyo, ina kumbukumbu za aina tatu: kilobaiti 32 za programu, kilobaiti 2 za muda, ambazo hufutika umeme ukikatika, na kilobaiti 1 ya kudumu. Hii ya mwisho hukadiriwa kustahimili kuandikwa mara 100,000. Roboti inayoandika hali yake kila sekunde mahali palepale hufikia kiwango hicho baada ya takriban saa 28 za kazi.

Suluhisho mojawapo ni chipu ya nje aina ya 24LC256, yenye kilobaiti 32 na ustahimilivu wa mara 1,000,000, ambayo huwasiliana na bodi kwa nyaya mbili tu, ukiacha zile za umeme. Rekodi ya baiti 4 ikiandikwa kila sekunde, nafasi hiyo hutosha rekodi 8,192, yaani zaidi kidogo ya saa 2 na robo. Rekodi nne zikikusanywa kwanza katika kumbukumbu ya muda na kuandikwa kwa mkupuo mmoja, idadi ya maandiko hupungua hadi robo. Hata hivyo, umeme ukikatika kabla ya kuandikwa, sekunde za mwisho hupotea, na mara nyingi hizo ndizo zinazoeleza chanzo cha ajali. Kwa mantiki hiyo, tukio zito, kama vile kugonga kizuizi, liandikwe papo hapo.

3.0 Udhibiti Usio na Waya

Moduli ya HC-05 hutumia Bluetooth katika masafa ya gigahezi 2.4 na kwa kawaida hufika takriban mita 10. Pini yake ya kupokelea data hufanya kazi kwa volti 3.3, ilhali Uno hutoa volti 5. Rezista mbili, za omu 1,000 na 2,000, hutosha kuigawa volteji hiyo. Aidha, moduli hizi huuzwa zikiwa na namba ya siri inayofahamika kwa wote, aghalabu 1234. Asiyeibadilisha amewaachia wengine usukani.

Tatizo kubwa zaidi ni ukimya. Roboti iliyoamriwa "mbele" kisha ikapoteza mawasiliano huendelea mbele, kwa sababu hakuna amri iliyoifuta ile ya awali. Dawa yake ni kuipa kila amri uhai wa, tuseme, nusu sekunde, na kukitaka kidhibiti kiirudie mara kwa mara. Kwa mwendo wa nusu mita kwa sekunde, roboti itakuwa imekwenda sentimita 25 tu kabla ya mota kuzimwa.

4.0 Pale Nyongeza Mbili Zinapokutana

Programu ikikwama, kipima muda cha ulinzi kilichomo ndani ya maikrokontrola huweza kuiwasha upya, iwapo kimewezeshwa. Vigeu vya programu vilivyo katika kumbukumbu ya muda kwa kawaida hurudishwa kwenye thamani zake za mwanzo. Hapo mbunifu hushawishika kusoma amri ya mwisho kutoka kumbukumbu ya kudumu ili roboti iendelee na safari. Huo ndio mtego: amri iliyokwisha muda wake hufufuliwa bila aliyeitoa kujua. Kanuni salama ni kwamba roboti iliyowashwa upya isimame, iandike kuwa imewashwa upya, kisha isubiri amri mpya.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Nchini Rwanda, ndege zisizo na rubani zimekuwa zikipeleka damu hospitalini tangu 2016. Wataalamu watakaobuni na kukagua mitambo ya aina hiyo katika ukanda wetu huanzia kwenye roboti ndogo kama hii. Tunapendekeza, kwanza, kwamba mashindano na mitaala ya roboti iwe na jaribio la lazima: kidhibiti kizimwe roboti ikiwa mwendoni, kisha umeme ukatwe na kurudishwa. Pili, istilahi zisanifiwe. Neno "kumbukumbu" hutaja kifaa, uwezo wa kukumbuka, na hata maandishi ya mkutano. Makala haya yametumia "kumbukumbu" kwa kifaa na "rekodi" kwa kilichoandikwa humo. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ingeweza kuuratibu mjadala huo. Mwanafunzi asiyeweza kutofautisha mambo hayo kwa lugha yake atapata shida kuyatenganisha katika programu yake.