Wanaobeba Wagonjwa Usiku, na Wajibu Wetu wa Nyumbani

Wengi wetu huliona gari la wagonjwa likipita mjini kwa king'ora, tukalipisha, kisha tukalisahau. Ni wachache wanaomfikiri aliyeshika usukani. Sisi nasi tulikuwa miongoni mwa waliosahau, hata usiku mmoja hapa Zuzu, magharibi ya mji wa Dodoma, ulipotufundisha.

Kijana mmoja tuliyemsomesha Juzuu ya Amma leo ni dereva wa jamii katika mpango uitwao m-mama. Mpango huu ulianza pande za Sengerema na Shinyanga katika miaka ya 2010, na mwezi wa Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua hapa Dodoma ili uenee nchi nzima. Kazi yake ni kuwafikisha hospitali wajawazito, wazazi na watoto wachanga walio hatarini. Jamaa, au mhudumu wa zahanati, hupiga simu nambari 115 bila ya malipo. Anayeipokea huuliza maswali ili aujue uzito wa jambo, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Lisipopatikana karibu, humwita dereva wa jamii, mwenye gari la kawaida, aliyekwisha kuchunguzwa na kufundishwa. Mgonjwa hatozwi kitu. Dereva hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha.

Tulimwuliza, "Mwanangu, kazi hii ikoje?" Akajibu, "Mwalimu, ni kazi ya kulala jicho moja." Simu hukaa kando ya mto wa kulalia, wala petroli haiachi kupungua sana. Akiitwa, huelekezwa kwa mbuyu au kwa shamba la mizabibu, maana gizani nyumba zote hufanana. Siku za mvua, korongo lililokuwa kavu mchana hujaa maji usiku, naye hana budi kuzunguka. Njiani mama augua nyuma, jamaa wamhimiza aende mbio, na mashimo yamtaka aende taratibu. Alfajiri huosha damu vitini, husali, kisha hutoka kutafuta riziki yake ya kila siku.

Lakini alisema kwamba kinachomlemea si barabara, bali ni mlango wa nyumba. "Mimi hufika upesi, Mwalimu, kisha nikangojeshwa." Huyu atafuta kanga, wale wabishana nani afuatane na mgonjwa, na mwingine asema mume angojwe. Wataalamu huyagawa machelewo haya mafungu matatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kutibiwa. Dereva hana uwezo ila juu ya lile la pili. Na damu inayomwagika baada ya kuzaa yaweza kumwua mwanamke mwenye siha yake katika muda wa saa mbili.

Hapa twaona haya, lakini tutasema. Usiku ule tuliitwa nyumba ya jirani tukamwombee dua mama aliyeshikwa na uchungu tangu jana yake adhuhuri. Tukaketi barazani pamoja na wazee. Mume alikuwa safarini, na simu yake haikupatikana. Wazee wakasema rukhsa yake ingojwe. Sisi tulikuwa na neno ambalo lingalisikilizwa, nasi tukanyamaza. Mwishowe bibi mmoja akatoka chumbani, akatutazama, akasema, "Mwalimu, dua tumezisikia. Nani amepiga simu?"

Kijana wetu alifika baada ya muda mfupi. Mama alipona, Alhamdulillahi. Mtoto hakuishi. Siku ya pili kijana alikuja kurudisha kanga iliyosahauliwa garini, amekwisha kuifua. Hakutulaumu hata kwa neno moja, na kule kutolaumiwa kulituuma zaidi.

Tukakumbuka habari za vita vya Khandaki. Saad bin Muadh alipojeruhiwa, Mtume (s.a.w.) alimwekea hema katika msikiti wa Madina, na bibi Rufaida ametajwa kuwa ndiye aliyewauguza majeruhi humo. Mtume ndiye mbora wa waombaji dua, wala hakuona kwamba dua yamwondolea mgonjwa haja ya kuuguzwa. Basi sisi tulijifunza wapi kuvitenga viwili hivi?

Kwa hiyo twawausia wazazi na vijana. Mimba ikiingia mwezi wa nane, watu wa nyumba wakae wakubaliane: nani atapiga simu, nani atafuatana na mama, na mfuko wa nguo uwe tayari. Mume atoe rukhsa mapema, kabla hajasafiri, ili pasiwe na mtu wa kungojwa. Nambari 115 iandikwe ukutani. Sisi tumekwisha kuiandika kwa chaki pembeni mwa ubao wa madrasa, na watoto wameihifadhi.

Mwenyezi Mungu awalinde wanaokesha barabarani kwa ajili yetu, na atujaalie tuwe wepesi wa kuwafungulia mlango. Amin.