Amri Moja, Mashine Mbili: Kushughulikia Orodha za Wanafunzi kwa Kompyuta

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini amri zinazoshughulikia orodha ya wanafunzi sawasawa katika kompyuta moja huweza kukosea katika nyingine. Jambo hili lamhusu mwalimu wa shule ya msingi, kwani mtoto asiyehesabiwa huenda asitengewe kitabu wala dawati.

Tuseme faili liitwalo orodha.txt lina mstari mmoja kwa kila mtoto, pamoja na kata atokayo: Soni, Lukozi, Mlalo au Mng'aro.

Kwanza, kutafuta. Amri hii huhesabu mistari yenye jina la kata:

grep -c "Mng'aro" orodha.txt

Lakini programu nyingi za kuandikia hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa macho yetu alama ni ile ile; kwa mashine ni mbili mbalimbali. Watoto walioandikwa kwa ritifaa iliyopinda wataachwa, wala hakutatolewa onyo. Yafaa kutaja zote mbili:

grep -c -e "Mng'aro" -e "Mng’aro" orodha.txt

Pili, kusahihisha. Katika Linux, amri sed -i 's/Mlallo/Mlalo/' orodha.txt hurekebisha faili lenyewe. Katika Mac, -i hudai kwanza kiambishi cha jina la nakala ya akiba. Hivyo maelezo ya sahihisho huchukuliwa kuwa ndicho kiambishi, na amri hukwama. Kanuni za pamoja ziitwazo POSIX, zilizoanza kutolewa mwaka 1988, hazikuiwekea sed alama hiyo. Njia ifaayo kote ni kuandika katika faili jipya na kuacha la awali salama:

sed 's/Mlallo/Mlalo/' orodha.txt > mpya.txt

Tatu, kupanga kialfabeti. Amri sort hufuata lugha iliyowekwa katika mashine. Pengine "lukozi" hutangulia "Soni". Pengine herufi kubwa zote hutangulia ndogo. Tukiandika LC_ALL=C sort orodha.txt, herufi kubwa zitatangulia katika kila mashine. Kwa hiyo hatuna budi kusawazisha herufi za mwanzo kabla ya kupanga.

Katika kufundisha, mwalimu aanze na orodha ya majina kumi. Wanafunzi wahesabu na kupanga kwa mkono, waandike jibu ubaoni, ndipo waiamuru mashine. Majibu yakitofautiana, wautafute mstari uliosababisha tofauti hiyo. Hivyo watazoea kuipima kazi ya kompyuta kabla ya kuiamini.